Dawati la uuguzi kwa simu, Mwanza: pazuri kwa fildi, lakini omba barua kwanza

Wakufunzi wenzangu wamekuwa wakiniuliza kama wapeleke wanafunzi fildi kwenye dawati la uuguzi kwa simu la hospitali binafsi moja hapa Mwanza. Jibu langu ni ndiyo, wapelekeni, ila wawe wa mwaka wa tatu, na wasianze kabla hospitali haijawaandikia barua kuhusu mambo mawili nitakayoyaeleza huko mbele. Hospitali siitaji jina kwa sababu uongozi wake umepokea malalamiko yangu kwa maandishi na umeanza kuyafanyia kazi. Wa Kanda ya Ziwa mtaitambua. Wa kwingine mtapata cha kuuliza siku kituo cha aina hii kikifunguliwa kwenu.

Nilikuwa mkunga wodi ya wazazi kabla sijawa mkufunzi, na kituo cha fildi nakipima kwa swali moja tu: mwanafunzi akitoka hapo, mgonjwa atakayekutana naye baadaye atakuwa salama zaidi? Mengine yote, kuanzia chumba hadi cheti, nayaangalia kwa jicho hilo.

Dawati liko ghorofa ya chini, nyuma ya famasi. Kuna viti vinne, kompyuta mbili, simu mbili za mezani na simu janja moja ya ofisi. Linafunguliwa saa moja na nusu asubuhi, linafungwa saa kumi na mbili jioni, Jumatatu hadi Jumamosi, na kila zamu ina wauguzi wawili waliosajiliwa. Wagonjwa walioruhusiwa wanapigiwa siku ya tatu. Wenye presha na kisukari wanafuatiliwa kila wiki. Akina mama waliojifungulia hapo wanaweza kupiga wenyewe hadi wiki sita zipite. Asiye na salio anabipu, na dawati linampigia. Jambo hili naliweka juu kabisa kwenye sifa za mahali hapa, kwa sababu mama wa kisiwa cha Kome au Ukara mwenye kitochi na salio sifuri ndiye anayehitaji huduma ya mbali kuliko mtu anayekaa Nyegezi na bando la mwezi.

Ada ni shilingi 40,000 kwa mwanafunzi kwa wiki nne. Ni juu kidogo kuliko wodi za kawaida za hospitali hiyohiyo, lakini kila mwanafunzi anakaa na muuguzi wake bega kwa bega, na kwa hali ya fildi zetu za sasa, ambako wodi moja inapokea wanafunzi wa vyuo vitatu kwa wakati mmoja, nafasi hiyo ina thamani yake.

Kabla wanafunzi wangu hawajaanza fildi hapo niliwapa karatasi tupu, nikawaambia waandike wanachokijua kuhusu uuguzi wa mbali na wanavyouona. Nilitaka kujua naanzia wapi. Karibu wote walikuwa na moyo nao. Waliandika kwamba utapunguza foleni, utawafikia watu wa vijijini, ndiyo dunia inakokwenda. Lakini nilipotafuta kwenye karatasi zilezile muuguzi anafanya nini hasa akiwa mbali na mgonjwa, sikupata kitu. Niliona programu ya simu, niliona video, niliona mtandao wa kasi. Hakuna aliyeandika neno kusikiliza. Hakuna aliyeandika swali hata moja ambalo angemuuliza mgonjwa. Mmoja aliandika kwamba ni huduma ya nchi zilizoendelea na sisi bado.

Huyu wa mwisho nilimjibu mbele ya wenzake, kwa upole, kwa sababu mawazo yake ni ya wengi. Ni kweli Uingereza walianzisha NHS Direct mwaka 1998, namba ya simu inayopokelewa na wauguzi, ikafanya kazi hadi 2014 ilipopisha namba ya 111. Lakini Malawi, majirani zetu wa ziwa jingine, walianzisha Chipatala cha pa Foni wilayani Balaka mwaka 2011, na walioifuata walikuwa akina mama wa vijijini wenye simu za kuazima. Na hapa kwetu Wazazi Nipendeni ilianza mwaka 2012: ulikuwa unatuma neno MTOTO kwenda 15001, unapokea ujumbe bure kufuatana na umri wa mimba. Nilipoitaja hiyo, binti mmoja alikumbuka kwamba akiwa shule ya msingi alikuwa akimsomea mama yake jumbe hizo wakati wa mimba ya mdogo wake. Basi huduma ya mbali ilishaingia nyumbani kwao zamani, na yeye ndiye aliyekuwa msomaji wake.

Kuhusu namba 199 ya Wizara ya Afya, walikuwa wameisikia, hasa kipindi cha korona na tena Marburg ilipotokea Kagera mwaka 2023. Kuhusu 115 kulikuwa na ukimya. Hii ni namba ya m-mama, mfumo wa rufaa ya dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga: unapiga bure, mpokeaji anauliza maswali ya kupima udharura, kisha anatuma gari la wagonjwa au, kama halipo karibu, dereva wa jamii aliyesajiliwa ambaye nauli yake inalipwa kwa simu. Ulijaribiwa Shinyanga na Sengerema, huku huku kwetu, kabla Rais Samia hajauzindua kwa nchi nzima mwaka 2022. Mwanafunzi wa ukunga wa Kanda ya Ziwa asiyejua 115 inafanya nini amepungukiwa, na kosa ni letu sisi wakufunzi tuliomjaza tarakilishi, maana zake na sehemu zake, tukamwacha bila namba ya kumwokoa mama wa Buchosa saa nane usiku.

Sasa nieleze kinachofanyika pale mezani, maana ndicho nilichokwenda kukitazama.

Wiki ya kwanza mwanafunzi hasemi. Anavaa hedifoni ya pili na kusikiliza. Kila simu inaanza kwa muuguzi kumwambia mgonjwa, "Nipo na mwanafunzi wangu hapa, anasikiliza. Unaruhusu, mama?" Wengi wanaruhusu. Anayekataa, hedifoni inavuliwa, na hakuna anayemshawishi. Nililipenda hilo. Wodini tumezoea kuwazungusha wanafunzi kitandani kwa mgonjwa kama vile hana la kusema.

Wiki ya pili mwanafunzi anashika simu na muuguzi anasikiliza. Hapo ndipo unaona alichonacho. Wanafunzi wangu wanazijua dalili za hatari. Waamshe usiku, watakutajia zote za mama baada ya kujifungua, bila kuruka: kutokwa damu nyingi, homa, maumivu makali ya kichwa, kuona ukungu, degedege, kuvimba uso na mikono. Wanapata alama zao. Siku ya kwanza ya binti mmoja kushika simu, mama mmoja wa Ukerewe alipiga simu, siku ya tano tangu ajifungue. Wakasalimiana vizuri. Mama akasema mtoto ananyonya, yeye yuko salama, ila kichwa tu kinamsumbua na usingizi hapati, labda kwa ajili ya mtoto kulia. Binti akamwambia, "Pole dada, jitahidi kupumzika mtoto akilala, unywe maji, na umeze panadol."

Muuguzi aliyekuwa na hedifoni ya pili hakumpokonya simu. Alimwandikia kwenye karatasi: *macho?* Binti akauliza, "Na macho, dada, unaona vizuri?" Mama akasema tangu jana anaona kama vimulimuli. Karatasi ya pili: *uso? pete?* Mama akasema uso umejaa, mama mkwe ndiye aliyesema, na pete ameivua kwa sabuni. Ndipo muuguzi akachukua simu, kwa sauti ileile ya utulivu, akauliza nani yupo naye nyumbani.

Kifafa cha mimba hakimalizwi na kujifungua. Kinaweza kumpata mama katika wiki sita zinazofuata, na binti yule alikuwa amenijibia swali hilo hilo kwenye mtihani, kwa usahihi, wiki chache kabla. Hakukosa ujuzi. Ujuzi wake ulikuwa umekaa kwenye macho. Darasani dalili inakuja imeandikwa kwenye ubao, wodini inakuja na uso uliovimba ambao utauona hata ukiwa unafikiria mengine. Kwenye simu inakuja imefichwa ndani ya sentensi ya mama mwenye heshima ambaye hataki kusumbua, tena amekwisha kukupa sababu yake: mtoto analia. Usipoijua njia ya kuuliza, hutaiona.

Na lipo lingine lililonifurahisha kwenye simu ile. Muuguzi hakumwambia mama aje Mwanza. Alimwelekeza Nansio, hospitali ya wilaya, kwa sababu kati yake na sisi kuna maji na ratiba ya kivuko, akapiga 115 mwenyewe, kisha akawapigia Nansio kuwaeleza nani anakuja na kwa nini. Pale ukutani kuna ramani iliyochorwa kwa mkono, ya zahanati, vituo vya afya na hospitali za mkoa mzima, na pembeni ya kila kimoja namba ya simu na kama kina mtu wa usiku. Imefutwa na kuandikwa upya mara nyingi. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025 walibadilisha upande mzima wa Sengerema, kwa kuwa njia ya haraka ilikuwa si ileile tena. Hicho nacho ni sehemu ya uuguzi wa mbali, na sijakiona kwenye kitabu chochote tunachofundishia.

Mafaili ya maswali ndiyo mali kubwa ya dawati. Yameandikwa kwa Kiswahili cha watu, moja kwa kila aina ya simu: mtoto mchanga, mama aliyejifungua, kidonda cha upasuaji, presha, kisukari. Swali la kwanza katika yote linafanana: "Nieleze tangu ulipoamka leo." Halafu kuna maelekezo kwa muuguzi: nyamaza, hesabu hadi tano moyoni. Wanafunzi waliona ugumu hapo kuliko mahali pengine popote. Kijana wetu anayeijua simu kuliko wote, anayewatengenezea wakufunzi kompyuta, alikuwa hawezi kuvumilia ukimya wa mgonjwa hata kidogo. Mtu akisita, yeye anamjazia: "Kwa hiyo hamna homa, eeh?" na mgonjwa anaitika tu. Alichukua karibu wiki mbili kuacha. Nilimwona akiwa ameshikilia ukingo wa meza ili asiseme, na siku ile mzee mmoja wa Magu, baada ya ukimya mrefu, akatamka kwamba dawa zilimwishia siku nyingi na ameona aibu kusema hana hela.

Mtoto mchanga anayepumua haraka anahesabiwa kwa simu, na sikuamini mpaka nilipoona. Mama anaambiwa amlaze mtoto, amfunue kifua, aweke simu kwenye spika, na kila kifua kinapopanda aseme "sasa". Muuguzi anashika saa na kuhesabu dakika nzima, bila kukata katikati na kuzidisha mara mbili, kwa sababu pumzi za mtoto mchanga haziendi sawasawa. Ikifika sitini au zaidi, anarudia kuhesabu. Ikibaki hivyo, mtoto anakwenda kituoni sasa hivi. Kwa aliyetimiza miezi miwili hadi chini ya mwaka kikomo ni hamsini, na kuanzia mwaka hadi chini ya miaka mitano ni arobaini. Wanafunzi wanazijua namba hizi. Ila kumfundisha mama mwenye hofu asubiri na atamke "sasa" kwa dakika nzima, huku jirani anamwambia ampe mtoto maji ya moto, huo ni ufundi, na pale wanaupata.

Kisukari kina faili lake, na nilisikiliza simu moja nitakayoitumia darasani miaka mingi. Mwanafunzi alimpigia mzee kwa ufuatiliaji wa kawaida. "Shikamoo babu." "Marahaba mwanangu." Habari za nyumbani, za mashamba, za mvua. Mwanafunzi akauliza kama amemeza dawa, mzee akasema amemeza asubuhi. Faili linasema, baada ya dawa uliza chakula, saa ngapi na nini. Mzee hakuwa amekula, alikuwa anasubiri mjukuu arudi na unga. Anaongea taratibu, anarudia neno. Mwanafunzi akauliza kama anatoka jasho. Ndiyo, na mikono inatetemeka, ila ni uzee tu. Dawa yake ilikuwa glibenclamide, ambayo inaendelea kushusha sukari hata mtu asipokula, tena kwa saa nyingi. Mwanafunzi, peke yake safari hii, akamwambia amwite jirani, akamwelekeza jirani akoroge vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji nusu kikombe, mzee anywe akiwa ameketi. Akakaa kwenye simu. Baada ya dakika kumi na tano akauliza tena, hali ilikuwa afadhali, akasisitiza chakula kamili na mzee kupelekwa kituo cha afya siku hiyohiyo ili dawa ziangaliwe upya. Mwishoni akamwambia jirani: "Nirudishie nilivyokueleza, ili nijue nimeeleza vizuri." Kauli hiyo ya mwisho nimewaagiza wanafunzi wangu wote waibebe, hata wanaobaki wodini.

Wagonjwa wengine wa kifua wanaazimwa kipimo cha oksijeni cha kidoleni. Nilikuwa na wasiwasi kwamba wanafunzi wangefundishwa kusoma namba na kulala. Haikuwa hivyo. Muuguzi kiongozi anawaeleza utafiti uliotoka mwaka 2020 kwenye jarida la tiba la New England la Marekani: kwa wagonjwa weusi, kipimo hiki kilishindwa kuona upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi ya kwa wagonjwa weupe. Kwa hiyo namba nzuri haifungi mazungumzo. Anauliza kama mgonjwa anamaliza sentensi kwa pumzi moja, kama analala chali, kama anatembea mpaka chooni bila kusimama, na kama kucha zimepakwa rangi. Kipimo kimetengenezwa kwingine na kujaribiwa zaidi kwa ngozi nyingine, na mwanafunzi wa Mwanza anapaswa kulijua hilo kabla hajamwambia mtu "uko vizuri".

Presha sitakaa nayo: wanafundisha kukaa dakika tano, miguu chini, mkono wazi, kutozungumza wakati wa kupima. Inatosha. Makabidhiano kwa daktari yanafanyika kwa mpangilio wa SBAR, yaani hali ilivyo, historia, tathmini, pendekezo, na wanafunzi waliuchukua haraka.

Lugha ni jambo ambalo hospitali haijalitatua. Wazee wengi wa vijijini wanaongea Kisukuma kwa raha, na Kiswahili kwa ufupi. Wanafunzi wawili wa kwetu wanaokijua Kisukuma walipata maelezo mara mbili ya wenzao kwa wagonjwa walewale. Kwa wengine anaitwa mjukuu kutafsiri, na fikirini bibi anaambiwa amweleze mjukuu wa kiume hali ya kibofu chake. Ratiba ya zamu ingeweza kupangwa kwa kuangalia lugha, na haigharimu kitu.

Sasa mambo mawili ya barua.

La kwanza ni picha. Wagonjwa wa vidonda wanaombwa kutuma picha, na simu janja ya ofisi ni moja. Ilipokuwa imeshikwa, au bando lake limekwisha, wanafunzi wangu walielekezwa wapokee picha kwenye WhatsApp zao binafsi. Niligundua kwa kuwauliza. Mwanafunzi mmoja alikuwa na picha za kidonda cha upasuaji wa uzazi cha mama wa watu, na picha hizo zilikuwa zimejihifadhi zenyewe katikati ya picha zake za harusi ya dada yake, kwenye simu ambayo wadogo zake wanachezea. Mama yule alituma akiamini anaituma hospitali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, lakini hata bila sheria, mkunga anajua. Nilisimama pale mpaka zimefutwa kwenye simu zote, pamoja na nakala za hifadhi, na niliwaambia wanafunzi kwamba agizo la namna hiyo wanayo haki ya kulikataa, hata likitoka kwa mkubwa.

La pili ni nywila. Wanafunzi waliingia kwenye mfumo kwa jina la muuguzi wa zamu. Maana yake ushauri uliotolewa na mwanafunzi unasomeka kama umetolewa na muuguzi ambaye pengine alikuwa amekwenda kunywa chai. Kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 anayewajibika mbele ya Baraza la Uuguzi na Ukunga ni muuguzi mwenye leseni, na leseni haiazimwi. Mwanafunzi anapaswa kuwa na jina lake kwenye mfumo, na kila anachoandika kithibitishwe na msimamizi. Mgonjwa akidhurika, lazima ijulikane nani alisema nini. Na mwanafunzi akifanya vizuri, kama yule wa mzee wa kisukari, kazi yake nayo ijulikane ni yake. Kwenye rekodi ya siku ile hayupo kabisa.

Yapo madogo. Tathmini ya mwisho ilihesabu simu ambazo kila mmoja amepiga, na kijana aliyejifunza kunyamaza alionekana wa mwisho kwa idadi. Niliomba ibadilishwe, wamekubali kusikiliza simu tatu za kila mwanafunzi badala yake. Cheti wanachotoa kinasema "mtaalamu wa uuguzi wa mbali". Wiki nne hazimfanyi mtu mtaalamu, na cheti hicho hakimpi mwanafunzi uwezo wowote wa kisheria. Tafadhali waelezeni wanafunzi wenu mapema ili wasije kufungua kundi la WhatsApp la ushauri kwa ada, maana wapo walioniuliza. Na usiku dawati linafungwa, anayepiga anasikia sauti ya kurekodiwa inayomwelekeza 199 na 115. Ni afadhali kuliko simu kuita bila kupokelewa, lakini wagonjwa wa siku ya tatu hawaumwi mchana tu.

Baada ya wiki nne niliwapa karatasi tupu tena. Zilikuwa zimejaa maswali, halisi, ya kumuuliza mtu: nani yupo nawe, ulikula saa ngapi, pete inatoka? Hamu yao na simu haikupungua, ila ilikuwa imeshika adabu. Wengi waliandika kwamba wangeogopa kufanya kazi hiyo peke yao. Nilifurahi kusoma hofu hiyo, kwa sababu mwanzoni haikuwepo na ilipaswa kuwepo.

Yupo mmoja aliyeandika mwanzoni kwamba muuguzi asiyemgusa mgonjwa si muuguzi. Hakubadilika. Karatasi yake ya pili ina kurasa tatu, na ndiyo bora kuliko zote. Anakubali simu kwa ufuatiliaji wa mgonjwa ambaye tayari ameshikwa, ameonwa na ana faili. Anaikataa kwa mtoto ambaye hajawahi kuonwa na mtu. Anaeleza simu aliyoisikia, ya mama anayekaa mwendo wa robo saa kutoka zahanati, ambaye aliambiwa asubiri apigiwe jioni, akasubiri, kwa sababu ameambiwa na hospitali kubwa. Anauliza: huduma hii inamsogeza mgonjwa kwa muuguzi au inamfundisha kukaa nyumbani? Na anaongeza kwamba zahanati ile ina muuguzi mmoja, na kama dawati linachukua wagonjwa wake wote wepesi, siku moja mtu atasema zahanati haina kazi. Ninamuunga mkono kwa sehemu kubwa. Nimelipeleka swali lake kwa muuguzi kiongozi, na kwenye faili la mtoto mchanga sasa kuna mstari mpya mwanzoni kabisa: zahanati iko umbali gani kwa miguu? Ikiwa ni chini ya nusu saa na mtoto ana dalili yoyote, aende, simu itafuata.

Kwa wanaotaka kupeleka kundi lijalo: nafasi ni nane kwa awamu, na maombi yanapitia kwa mratibu wa fildi wa hospitali, yaani msiwapigie wauguzi wa dawati. Wapelekeni wa mwaka wa tatu waliokwisha kupita wodi ya wazazi na ya watoto, kwa sababu mtu hawezi kuuliza kuhusu uvimbe ambao hajawahi kuubonyeza kwa kidole chake. Changanyeni wanaojua Kisukuma, Kikerewe na Kijita katika kila zamu. Kila mmoja awe na daftari, kalamu, na saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde. Ya simu haifai, simu itakuwa kazini. Na ile barua ya hospitali, yenye sahihi, inayosema hakuna picha ya mgonjwa itakayopita kwenye simu ya mwanafunzi na kila mwanafunzi ataingia kwenye mfumo kwa jina lake, iwe mkononi mwenu kabla hamjalipa ada.